Bi Pono na Kamati ya Heshima

Paukwa!

Pakawa!

Aa, pakawa gani hiyo, imelala? Nyie wakubwa mliojibanza huko nyuma kwenye jamvi, hadithi hii ni yenu kuliko ya watoto. Narudia. Paukwa!

Pakawa!

Haya. Sasa nimewasikia.

Hapo zamani za kale, wakati samaki walipokuwa na mikutano mingi kuliko sisi, palikuwa na mwamba baharini. Mwamba wenyewe uliitwa Mwamba Mwanana. Maji yake hayakuwa na kina kirefu. Yalikuwa ya vuguvugu, safi, na jua lilishuka mpaka chini kabisa.

Katikati ya mwamba huo aliishi Bibi Tumbawe. Msidhani tumbawe ni jiwe, watoto. Tumbawe ni kiumbe hai. Bibi Tumbawe alikuwa na vinywa vidogovidogo, elfu na elfu, na kila kinywa kilikuwa na vidole vyake laini. Jua likimpata, anashiba. Akishiba, anajenga. Anajenga mawe chini yake, chumba juu ya chumba, na samaki wote wanahamia humo. Kodi hakuna. Asante pia hakuna.

Humo aliishi Bunju. Bunju akitaka kuonekana mkubwa hunywa maji. Gugugugu! Anavimba, anakuwa duara, miiba inamsimama. Kwa kuwa alivimba kuliko wote, walimpa uenyekiti.

Humo aliishi Kitatange. Mwembamba, wa njano, mistari myeusi machoni kama aliyejipaka wanja. Alikuwa mzuri, na alijijua. Chakula chake kilikuwa vile vidole laini vya Bibi Tumbawe. Anadokoa kimoja hapa, dok! Anadokoa kingine kule, dok! Bibi Tumbawe hakusema neno. Alikuwa navyo vingi.

Humo aliishi Chewa. Mkubwa, mzito, mdomo kama mlango wa ghala. Yeye kutwa amelala kwenye pango lake. Ukiitishwa mkutano anakuja, anasinzia, na mwisho anasema, "Naunga mkono." Mkono hana, lakini anaunga.

Na humo aliishi Bi Pono, na wanawe na wajukuu wake. Bi Pono hakuwa na cheo. Alikuwa na kazi. Meno yake yameungana mbele yakawa kama mdomo wa kasuku, na kooni alikuwa na meno mengine, kama kinu. Tangu jua lichomoze mpaka lizame, anakwangua mwani unaoota juu ya mawe. Na jiwe nalo, kidogokidogo, linaingia humo humo. Akitafuna anaimba, na wajukuu wanaitikia:

"Kra, kra, nauma!
Kru, kru, nasaga!
Shaa, shaa, naachia!"

Hebu itikieni na nyie. Kra, kra? Nauma! Kru, kru? Nasaga! Shaa, shaa?

Ehe. Mnajua hiyo shaa ni nini? Bi Pono amekula mwani, amesaga jiwe, tumbo limechukua chake. Kinachobaki kinatokea nyuma. Kinatoka mchanga, mweupe, laini, kama unga wa muhogo. Ule mchanga wa ufukweni mnaogaragara na kujimwagia vichwani, mwingine umepita tumboni mwa pono. Msitemeteme mate, mmeshachelewa.

Sasa siku moja akaja mgeni. Mgeni huyo ni Nguru, kutoka maji makubwa. Anang'aa kama kisu kipya. Nguru alikuwa anapita tu, lakini Bunju hakutaka apite hivi hivi. Akaitisha mapokezi. Samaki wakapangwa mistari, wadogo mbele, wakubwa nyuma. Bunju akapanda juu ya jiwe.

"Mheshimiwa mgeni," akaanza, "Mwamba Mwanana ni mwamba wa heshima..."

Akaona hajavimba vya kutosha. Akafungua kinywa anywe maji. Gugugu...

Wakati huo huo Bi Pono anapita juu. Hana habari. Yuko kazini.

Shaa!

Mchanga ukashuka. Ukamshukia mgeni mgongoni. Ukamshukia Kitatange kwenye wanja wake. Na mwingine, mwingi, ukaingia moja kwa moja kinywani mwa Mwenyekiti, aliyekuwa amekipanua.

"Kho! Kho! Kho!"

Nguru akasema, "Naona mna shughuli." Akapiga mkia mara moja, hayupo.

Lo! Aibu iliyoje! Kesho yake, kabla hata ya chakula, ikaundwa kamati. Kamati ya Heshima. Mwenyekiti, Bunju. Katibu, Kitatange. Mjumbe, Chewa. Bi Pono akaitwa mbele yao, na wajukuu zake wakamfuata nyuma, wameshikana mapezi.

Kitatange akasoma mashitaka.

"La kwanza. Bi Pono anatafuna kwa kelele. Watu hatusikilizani. La pili. Bi Pono anajisaidia hadharani, juu ya vichwa vya wenziwe, mbele ya wageni. La tatu." Hapo akaziba pua. "Bi Pono akitaka kulala anatoa ute mdomoni, anajifunika gubigubi, analala ndani yake kama mtoto ndani ya chandarua. Ule ute, waheshimiwa, ni makamasi. Tunaishi na Mama Makamasi!"

Samaki wakacheka. Kwa kwa kwa! Wajukuu wa Bi Pono wakatazama chini.

"Unasemaje?" akauliza Bunju.

Bi Pono akasema, "Ute ule unanificha harufu. Mkunga, yule samaki mrefu kama nyoka, akipita kuwinda, hanisikii. Mwenzenu nalala usingizi wa pono, nisipojifunika nitaamkia tumboni mwake. Na hayo mengine, ndiyo kazi yangu. Nisipouma sili. Nikila, lazima kitoke. Wewe Mwenyekiti, kwako hakitoki?"

"Mimi ni kiongozi!" Bunju akafoka, akavimba. "Usiniulize mambo ya ndani! Kuanzia leo ni marufuku kutafuna kwa sauti. Ni marufuku mchanga. Ni marufuku makamasi. Kula kama wastaarabu."

"Wastaarabu wanakula nini?"

Kamati ikatazamana.

Ndipo ikasikika sauti nyembamba, sauti ya vinywa elfu vikisema pamoja polepole. Alikuwa Bibi Tumbawe.

"Jamani, mwacheni. Huyu ndiye anayeninyoa. Mwani ukinifunika, mimi sioni jua. Na nisipoona jua..."

"Bibi," Kitatange akamkatiza, "wewe ni nyumba. Nyumba haina kura."

"Naunga mkono," akasema Chewa, akapiga miayo.

Basi ikapita.

Bi Pono hakubishana tena. Mdomo ulimtetemeka, ule mdomo mgumu unaovunja mawe. Akakusanya wanawe. Akakusanya wajukuu. Akaenda kwa Bibi Tumbawe, akamkwangua mara moja ya mwisho, taratibu, pale begani. Kisha ukoo mzima wa pono ukaondoka, ukaelekea Fungu la Nje, mwamba wa mbali kule mawimbi yanakopiga bila huruma na chakula ni cha kugombania.

Nyuma yao Mwamba Mwanana ukanyamaza. Kra hakuna. Kru hakuna. Shaa hakuna.

"Mnasikia?" Bunju akasema. "Huo ndio ustaarabu."

Siku ya tatu, mawe yakaanza kuwa ya kijani. Ukungu mwembamba tu, kama ndevu za kijana anayeanza kubalehe.

"Zulia!" akasema Kitatange. "Tumepata zulia!"

"Ni matunda ya uongozi bora," akasema Bunju.

"Naunga mkono," akasema Chewa.

Siku ya kumi, zulia likafika kifuani. Siku ya ishirini, likafika shingoni. Mwani ukaota, ukarefuka, ukalala, ukaota juu ya uliolala. Ukitaka kutoka nyumbani kwako unapapasa mlango. Samaki wadogo wakaanza kupoteana. Mama mmoja aliita wanawe siku nzima, akaja kupata wa jirani.

Kamati ikakutana. Ikaunda kamati ndogo. Kamati ndogo ikakaa, ikachunguza, ikaleta taarifa. Taarifa ikasema: mwani upo.

Bunju akatoa amri. Mwani umeagizwa uache kuota mara moja. Amri ikasomwa kwa sauti mbele ya mwani wenyewe. Mwani ukayumba kushoto. Mwani ukayumba kulia. Mwani ukaendelea kuota.

Samaki mmoja akathubutu kuuliza, "Mwenyekiti, au tumwite Bi Pono?"

"Tatizo si Bi Pono!" Bunju akavimba. "Tatizo ni nyinyi mnaosema kuna tatizo!"

Usiku uleule samaki wengi wakahama. Hawakuaga.

Na Kitatange? Kitatange alikuwa anakonda. Vidole laini vya Bibi Tumbawe vilikuwa chini ya mwani, na vilivyokuwa chini ya mwani vilikuwa vimejikunja, haviinuki. Dok! anadokoa hapa, anapata mwani. Dok! anadokoa kule, anapata mwani. Akautema. Akawa mwembamba mpaka akigeuka kukutazama humwoni.

Asubuhi moja akapenya katikati ya yale majani, akafika ubavuni kwa Bibi Tumbawe. Alikuja kutafuta chakula. Akakuta kimya.

"Bibi?"

Kimya.

"Bibi, ni mimi. Kitatange."

Sauti ikatoka kwa mbali. Haikuwa ya vinywa elfu tena. Labda mia. Labda pungufu.

"Umekuja kula, mwanangu? Kule kulia bado vipo vichache. Kushoto usijisumbue. Kushoto sihisi kitu siku ya sita leo."

Kitatange akazunguka upande wa kushoto. Akasukuma mwani. Akaona vidole havipo. Vinywa havipo. Kuna jiwe tu, limekufa, limeota ukoga.

Hakula. Njaa ilimwuma, lakini hakula. Akaenda kwa Bunju.

"Mwenyekiti, Bibi Tumbawe anakufa. Twende kwa Bi Pono tukamwombe."

"Mimi? Niende kwa yule? Kiti hiki hakiendi kwa mtu, watu ndio wanakuja kwenye kiti."

Akaenda kwa Chewa. Chewa akasema, "Nenda, naunga mkono," akageukia upande wa pili.

Basi Kitatange akaenda peke yake.

Kutoka Mwamba Mwanana mpaka Fungu la Nje kuna uwanda wa mchanga mtupu. Hakuna jiwe. Hakuna jani. Samaki wa njano katika uwanda mtupu ni sawa na taa iliyowashwa. Alikuwa hajafika hata nusu alipoona kivuli. Kolekole! Kolekole huwinda mchana kweupe na hana subira. Vyuu! akamjia. Kitatange akageuka ubavu, akawa mstari. Kolekole akapita, akakosa, akageuka. Vyuu! Safari hii akamnyofoa kipande cha pezi la mkiani. Kitatange akajitupa kwenye ganda tupu la kome kubwa, akajibana humo, anatetemeka, tititi, tititi, mpaka Kolekole alipochoka kuzunguka.

Akafika Fungu la Nje jua likiwa utosini. Pezi limechanika. Wanja umechafuka. Na kabla hajamwona, akamsikia.

"Kra, kra, nauma!
Kru, kru, nasaga!"

Kitatange akasogea. Akasema neno ambalo hajawahi kumwambia tangu azaliwe.

"Shikamoo, Bi Pono."

Bi Pono akaacha kuuma. Akamtazama.

"Marahaba. Umefuata nini?"

"Nimekuja kuomba radhi."

"Kwa lipi?"

"Nilikuita Mama Makamasi."

"Uliniita mbele ya wajukuu zangu," akasema Bi Pono. "Mimi nimezeeka, nimesikia mengi. Lakini huyu mdogo hapa, tangu siku ile hataki kujifunika akilala. Anaona haya. Na wiki iliyopita Mkunga alimkosa kidogo tu."

Kitatange, katibu, msoma mashitaka, akamgeukia yule mjukuu.

"Jifunike, mdogo wangu," akasema. "Mjinga nilikuwa mimi."

Bi Pono akauliza, "Bibi Tumbawe hajambo?"

"Upande wa kushoto umekufa."

Hapo Bi Pono hakuuliza tena. Hakusema nitafikiri. Hakusema mtanitambua. Aliwageukia wanawe. "Haya, twendeni. Sote." Na kwa Kitatange akasema, "Naja kwa ajili ya Bibi. Ila na Mwenyekiti wako nina neno moja."

Wakavuka uwanda wakiwa kundi, bega kwa bega, na Kitatange wakamweka katikati. Kolekole aliwaona. Akahesabu midomo yote ile ya kasuku. Akakumbuka ana shughuli kwingine.

Walipofika, Bunju alikuwa ameshapanda jiwe lake. Habari ziliwatangulia.

"Ndugu wananchi," akasema, "Kamati, kwa huruma yake, imeamua kumsamehe Bi Pono..."

"Sijaomba kusamehewa," akasema Bi Pono. "Mwenyekiti, hebu fumbua mdomo."

"Nini?"

"Fumbua tuone."

Bunju akafumbua. Samaki wakasogea. Lahaula! Na yeye ana mdomo wa kasuku! Meno mawili juu, mawili chini, yameungana, makali, magumu. Jino hata moja halijachubuka.

"Mwamba wote huu ukitutoa sisi," akasema Bi Pono, "mwenye mdomo wa kuvunja jiwe ni wewe. Mwani umekufika shingoni, na mdomo unao, na hukuuma hata mara moja. Natoa hoja. Mwenyekiti aume kwanza, sisi tutafuata."

"Hoja hiyo ni batili!" Bunju akavimba. Gugugu! "Haikufuata utaratibu! Haina..."

"Naunga mkono," ikasikika sauti nzito kutoka nyuma.

Alikuwa Chewa. Alikuwa amelala. Alisikia neno "hoja", akaunga.

Ikapita!

Bunju akatazama huku, macho. Akatazama kule, macho. Hakuna pa kukimbilia, na bunju aliyevimba hata kukimbia hawezi. Akajipunguza. Akashuka kwenye jiwe. Akauma.

Kra.

"Tena," wakasema samaki.

Kra, kra. Taya likamwuma. Kra, kra, kra. Mwani ukaingia, jiwe likaingia. Jiwe jeupe likaanza kuonekana, dogo kama ukucha. Akameza. Akatulia. Akasema, "Haya, mmeridhika?"

Kumbe tumbo halijaridhika.

Guru. Gurugu. Gurugurum.

Bunju akabana. Akavimba ili abane vizuri. Kuvimba kukakandamiza tumbo. Macho yakamtoka. Samaki wote kimya, wanamtazama. Akabana, akabana, akabana...

Hebu semeni nyie. Ikawaje?

Shaa!

Mchanga. Mweupe, laini. Hadharani. Mbele ya Kamati nzima.

Kasamaki kadogo, kadogo kama punje ya mpunga, kakacheka, ki! Wa pili akacheka. Kisha mwamba wote ukacheka, mpaka mwani ukatikisika. Chewa akaamka, akauliza, "Tumepitisha nini?"

Bi Pono peke yake hakucheka. Alikuwa ameshafika begani kwa Bibi Tumbawe, na wanawe, na wajukuu, wameinamisha vichwa. Kra, kra, kra. Walifanya kazi siku hiyo. Walifanya na ya pili. Walifanya mpaka mwezi ukaandama, ukakua, ukafa, na mwingine ukaandama. Bunju alibaki na uenyekiti wake. Akiitisha mkutano, samaki wanasema tutakuja tukimaliza kazi, na kazi haiishi.

Jua likashuka tena mpaka chini. Upande wa kulia Bibi Tumbawe akafungua kinywa kimoja, vitano, mia. Akaanza kusema, akaanza kujenga.

Upande wa kushoto haukurudi. Siwadanganyi, watoto. Kilichokufa kule kilikufa, na vicheko vyote vile havikukirudisha.

Lakini Bi Pono hakuuacha. Kila siku alipita kushoto, akalikwangua lile jiwe lililokufa, likabaki safi, tupu. Kitatange akamwuliza, "Bi Pono, huko unamnyoa nani?"

"Simnyoi mtu. Natengeneza mahali."

Ikapita misimu miwili. Asubuhi moja Kitatange alikuwa akitafuta chakula, akapita upande wa kushoto. Juu ya lile jiwe akaona kitu. Kadoa, kadogo kuliko punje ya ufuta. Akasogea. Kadoa hako kana kinywa. Kinywa kina vidole, laini, vinajikunjua kwa mara ya kwanza. Mtoto wa tumbawe, aliyeletwa na mkondo kutoka anakojua Mungu, ametua pale palipokwanguliwa.

Kitatange alikuwa na njaa. Akakiangalia kile kinywa kidogo. Akakiangalia tena.

Akapita polepole, asikitikise kwa wimbi, akaenda kula kwingine.

Nawaambia waziwazi, wakubwa kwa watoto: msimdharau mtu kwa uchafu wa kazi yake wakati nyinyi ndio mnaokaa kwenye usafi wake. Na anayewaongoza, mwambieni afumbue mdomo mwone kama meno yake yamewahi kufanya kazi.

Hadithi yangu imeishia hapo. Iliyo njema bebeni, iliyo na mchanga niachieni mwenyewe.